Joto la Maji Katika Tangi la Samaki la Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza, wa Pwani na wa Nyanda za Juu

Maswali yanayonifikia kutoka kwa watu walionunua tangi lao la kwanza ni yale yale, na hubadilika kulingana na mahali mtu anapoishi. Wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huuliza kwa nini samaki wao wanahema juu ya maji kila ifikapo alasiri, na wengi wao tayari wameshanunua hita, kwa kuwa muuzaji aliwaambia kwamba tangi lisilo na hita halijakamilika. Wa Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya huuliza kwa nini samaki wao wamejilaza chini asubuhi ya mwezi wa saba, mapezi yamebana na chakula kinaelea bila kuguswa. Hao mara nyingi hawana hita kabisa, kwa kuwa waliamini kwamba nchi yetu ni ya joto na jambo hilo haliwahusu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makundi yote mawili. Kabla ya hatua yoyote, lishike jambo moja: samaki wengi wanaouzwa kwetu huvumilia maji yaliyozidi au kupungua nyuzi 2 au 3 kuliko wanavyopenda, lakini hawavumilii mabadiliko ya ghafla. Kazi yako kubwa ni kuyafanya maji yapande na kushuka polepole. Kuyashikilia kwenye namba moja usiku na mchana si lazima. Vipimo vyote hapa ni vya Selsiasi, na saa ni za Kiswahili.

Mambo matatu ya kujua kwanza

Samaki wa tangini hana joto lake mwenyewe. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Maji yakipoa, mmeng'enyo wa chakula na kinga yake dhidi ya magonjwa hupungua nguvu. Yakipata joto, mwili hufanya kazi haraka zaidi na kudai hewa nyingi zaidi.

Hapo ndipo tatizo la pwani linapoanzia, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, yenye nyuzi 20, inaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hushika takriban miligramu 7.5 tu. Samaki anahitaji zaidi wakati maji yana pungufu.

La tatu ni amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyokuwa katika hali ya sumu. Kwa hiyo tangi chafu linalovumilika mwezi wa saba linaweza kuua mwezi wa pili, ingawa uchafu wake haukuongezeka.

Vitu vya kuwa navyo

Kila mtu, popote alipo, anahitaji vipimajoto viwili, pampu ya hewa pamoja na mrija na jiwe lake la kutoa viputo majini, ndoo mbili zisizowahi kutiwa sabuni, daftari, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kwa ajili ya umeme kukatika. Kipimajoto cha utepe unaobandikwa nje ya kioo ni rahisi kupata, lakini husoma joto la kioo likichanganyika na la hewa ya chumba. Tumia kinachozama ndani ya maji.

Wa nyanda za juu ataongeza hita yenye kidhibiti chake cha joto, blanketi kuukuu, na vipande vya lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Wa pwani ataongeza feni ndogo, wavu wa plastiki wa dirishani, na chupa za plastiki zenye vifuniko imara za kugandishia maji kwenye friza.

Usinunue hita wala feni leo. Anza na hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Pima kwa siku saba

Jaza tangi maji, washa filta (chujio la maji), na usiweke samaki. Kwa siku saba mfululizo, soma kipimajoto saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 4 usiku, kisha uandike. Tangi bila samaki si hasara, kwani filta nayo huhitaji wiki kadhaa ili ijenge bakteria wanaosafisha maji.

Kabla ya kukiamini kipimajoto, kijaribu kwa barafu. Ponda barafu ijae kikombe, ongeza maji baridi kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto na usubiri dakika 3. Kizuri kitasoma 0 au karibu sana na hapo. Kikisoma 2, usikitupe. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mgongo wake "toa 2" na uendelee kukitumia.

Baada ya wiki utakuwa na namba mbili za maana. Ya kwanza ni wastani, na ya pili ni tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini ndani ya siku moja. Tangi langu la sebuleni Dar es Salaam, la lita 50, husoma 28 asubuhi na 31 alasiri wakati wa kaskazi, mwezi wa kwanza hadi wa tatu. Wakati wa kipupwe husoma 24 na 26. Hapo hakuna haja ya hita mwaka mzima. Aliye Nairobi au Njombe ataona namba tofauti kabisa, na zake ndizo atakazozifuata, si zangu.

Hatua ya 2: Tafuta mahali panapotulia

Weka tangi kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha linaloingiza jua la alasiri, mbali na mgongo wa friji unaotoa joto, na mbali na mlango unaoingiza upepo wa baridi usiku. Ukilitenga na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja, utapunguza joto au baridi inayopita ukutani.

Wenye kiyoyozi chumbani wanahitaji tahadhari ya pekee. Wengi hukiwasha usiku na kukizima wanapokwenda kazini, nacho huyashusha maji usiku na kuyaacha yapande mchana, kila siku, kwa tofauti kubwa kuliko ambayo hali ya hewa ya pwani ingeleta yenyewe. Kama chumba hicho hakipozwi muda wote, lihamishie tangi sebuleni.

Tangi kubwa hutulia kuliko dogo. Lita 100 huchukua muda mrefu zaidi kupoa au kupata joto kuliko lita 20, na kwa sababu hiyo simshauri anayeanza kununua lile bakuli la duara la mezani, hata kama ni la bei nafuu.

Hatua ya 3: Chagua samaki wanaolingana na nyumba yako

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha kuliko zote, nayo ndiyo watu huiruka. Ukichagua samaki kwa kufuata daftari lako, huenda usihitaji kifaa chochote cha ziada.

Samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi. Hustawi kati ya nyuzi 18 na 23. Kwa mkazi wa Nairobi au Mbeya hao ni chaguo jema, na mara nyingi hawahitaji hita. Kwa mkazi wa Mombasa ni mzigo, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 huwachosha kila siku, na wengi hufa kabla ya mwaka bila mwenyewe kuelewa sababu. Inasikitisha kwamba hata hivyo huuzwa kwa wanaoanza katika miji ya pwani.

Gapi huishi vizuri kati ya 22 na 28, moli kati ya 24 na 28, na beta, yule samaki mpiganaji, kati ya 25 na 28. Samaki malaika hufika 29 bila shida, na diskasi ndiye anayependa joto hasa, nyuzi 28 hadi 30, ingawa si samaki wa anayeanza. Danio mwenye milia huvumilia 18 hadi 25, kwa hiyo anawafaa watu wa nyanda za juu.

Kuna pia samaki wetu wenyewe. Mbuna wa Ziwa Nyasa na siklidi wa Ziwa Tanganyika, wanaofugwa hadi Ulaya na Marekani, hutaka nyuzi 24 hadi 27. Maziwa yale ni makubwa mno, maji yake hayabadiliki kwa haraka, na samaki wake hawajazoea kupanda na kushuka kwa nyuzi 5 kati ya asubuhi na jioni. Ukiwafuga, tofauti ya siku moja ndiyo uichunge zaidi.

Usichanganye wa baridi na wa joto katika tangi moja. Samaki wa dhahabu na beta hawana nyuzi wanazokubaliana.

Hatua ya 4: Kama nyumba yako ni ya baridi, piga hesabu ya hita

Pima kwa sentimita urefu, upana na kimo cha maji, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Tangi la urefu wa 60, upana wa 30 na maji ya kimo cha 30 litatoa lita 54. Ukiondoa nafasi iliyochukuliwa na mchanga na mawe, hesabu lita 50.

Kanuni inayofaa ni wati 1 kwa kila lita, ikiwa unataka maji yazidi joto la chumba kwa nyuzi 5 hivi. Kwa chumba kinachoshuka hadi nyuzi 15 usiku, wakati samaki wako wanataka 25, hesabu wati 2 kwa lita. Tangi la lita 50 litahitaji wati 50 katika hali ya kwanza na wati 100 katika hali ya pili.

Kwa tangi kubwa, nunua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikifa, ya pili itayazuia maji yasipoe kupita kiasi. Moja iking'ang'ania kuwaka, haitakuwa na nguvu ya kuyachemsha. Nalisema hili kwa uchungu. Miaka iliyopita, kabla sijajua kwamba Dar es Salaam haihitaji hita, nilifunga hita ya wati 100 kwenye tangi la lita 50 na kusafiri kwa siku moja. Kidhibiti kiliganda, hita ikawaka bila kukoma, na niliporudi kipimajoto kilisoma 35. Gapi tisa walikuwa wameelea ubavu, na konokono walikuwa wamepanda juu ya mstari wa maji, wamejibana kwenye kioo kikavu.

Kuhusu umeme, hita ya wati 100 inayowaka nusu ya siku hutumia yuniti 1.2. Mfuniko wa kioo juu ya tangi, pamoja na povu gumu nyuma, ubavuni na chini yake, huipunguza gharama hiyo. Anza na hayo kabla ya kuongeza wati.

Hatua ya 5: Funga hita kwa usahihi

Iweke karibu na mahali maji ya filta yanapotokea, ili maji yaliyopata joto yasambae. Ibandike kwa mshazari au ilale chini juu kidogo ya mchanga, kama maelezo ya mtengenezaji yanaruhusu, na isiguse mchanga wala mimea. Kipimajoto kiweke upande wa pili wa tangi, kwani kikikaa pembeni ya hita kitakupa kipimo kisicho cha kweli.

Ukishaizamisha, subiri dakika 20 kabla ya kuichomeka, ili kioo chake kilingane na maji. Kisha iweke kwenye namba iliyo juu ya joto la sasa kwa nyuzi 2 tu. Hita ya wati 100 katika lita 50 huhitaji takriban dakika 35 kupandisha nyuzi 1, hata bila kuhesabu joto linalopotea, kwa hiyo usiingiwe na wasiwasi na kuzungusha kitufe kila baada ya robo saa. Rudi baada ya saa 3, soma, andika, ongeza nyuzi 1 au 2, na kesho endelea.

Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha hita ni makadirio. Kama umeiweka 25 na kipimajoto ulichokijaribu kwa barafu kinasoma 27, amini kipimajoto.

*Tahadhari.* Chomoa hita kila unapotia mkono majini na kila unapobadilisha maji, na usubiri dakika 15 kabla ya kuiacha wazi hewani. Hita ya kioo iliyo moto ikikutana na hewa na kisha maji baridi hupasuka, na hita iliyopasuka hupeleka umeme majini. Hakikisha pia waya unashuka chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Usiweke ekstensheni sakafuni chini ya tangi.

Hatua ya 6: Kama nyumba yako ni ya joto, poza kwa upepo

Anza na taa. Taa za zamani za mirija hutoa joto jingi; badilisha uweke za LED, na uziwashe jioni badala ya mchana wa jua kali. Kisha fungua mfuniko, kwani mfuniko wa kioo hulifungia joto.

Sasa weka feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari. Maji yanapokauka hubeba joto. Lita 1 inayokauka huondoa joto la kutosha kupoza lita 100 kwa zaidi ya nyuzi 5, kama hakuna joto jipya linaloingia. Kwa kuwa joto jipya huingia muda wote, utakachokiona ni kushuka kwa nyuzi 2 au 3. Dodoma, ambako hewa ni kavu, feni hufanya kazi vizuri kuliko Zanzibar au Lamu, ambako hewa tayari imejaa unyevu.

Washa feni mapema, kabla ya saa 5 asubuhi, maji yakiwa bado 28. Ukisubiri yafike 31 utakuwa unafukuza joto lililokwisha kuingia kwenye mawe na mchanga. Maji yatapungua kila siku. Ongeza maji safi yaliyotolewa klorini, ile dawa ya kusafishia maji ya bomba (tazama Hatua ya 7), kufidia yaliyokauka. Kumbuka kwamba madini hayakauki, yanabaki na kujikusanya, kwa hiyo kuongeza maji hakuchukui nafasi ya kubadilisha maji.

Tangi likiwa wazi samaki huruka nje, hasa usiku, na hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Usifunike kwa kipande cha chandarua. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa za jamii hiyo huua samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Tumia wavu wa plastiki wa dirishani ulio mpya, uliooshwa kwa maji matupu. Kwa sababu hiyo hiyo, usipulize dawa ya mbu katika chumba ambamo feni inapiga juu ya maji. Ukilazimika kupuliza, zima feni na pampu ya hewa, funika tangi kwa nailoni, na uwashe tena baada ya kufungua madirisha na hewa kutoka. Usizidishe muda huo, kwa sababu samaki nao wanahitaji hewa.

Siku ambayo feni haitoshi, weka chupa ya barafu iliyofungwa vizuri ielee juu ya maji. Chupa ya nusu lita iliyoganda hushusha tangi la lita 50 kwa nyuzi 1 hivi, na hiyo ndiyo kasi unayoitaka kwa saa moja. Usitumbukize chupa tatu kwa pamoja, wala usimimine barafu yenyewe majini, kwa kuwa ina klorini ya bomba na hupoza sehemu moja ghafla.

Hatua ya 7: Badilisha maji bila kuleta mshtuko

Nadhani samaki wengi wa mjini hufa hapa. Mtu anasubiri Jumamosi, anafungua bomba saa 8 mchana, anajaza ndoo na kumimina. Maji hayo yametoka kwenye simtanki lililo juu ya paa, na mchana wa kaskazi ukiyashika unahisi kama ya kuogea yaliyotiwa moto. Nyanda za juu ni kinyume chake: maji ya simtanki saa 1 asubuhi hukaribia ubaridi wa usiku uliopita.

Fanya hivi. Jaza ndoo jioni, iweke pembeni ya tangi, acha wazi hadi kesho yake jioni, na kama unayo pampu ya ziada tumbukiza jiwe la hewa ndani yake. Saa 24 hizo huyafanya maji yalingane na chumba na kupunguza klorini. Kama una dawa ya kuondoa klorini, itumie hata hivyo. Kabla ya kumimina pima ndoo, pima tangi. Tofauti isizidi nyuzi 1. Badilisha robo ya maji, si zaidi, na umimine polepole kwa kikombe au mrija mwembamba.

Kama ndoo bado ni baridi, ongeza maji ya birika ndani ya ndoo, kamwe si ndani ya tangi. Lita 1 iliyochemka, ikichanganywa na lita 15 za nyuzi 20, hutoa maji ya karibu nyuzi 25. Koroga kabla ya kupima.

Hatua ya 8: Ingiza samaki wapya taratibu

Zima taa ya tangi, eleza mfuko wa samaki juu ya maji ukiwa umefungwa kwa dakika 20, ufungue, ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa, kisha umtoe samaki kwa wavu. Maji ya dukani usiyamimine tangini. Mfuko usiuache kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika 10.

Hatua ya 9: Jiandae kwa umeme kukatika

Umeme utakatika, liandalie jambo hilo sasa. Kwanza, washa pampu ya betri, kwa kuwa hewa ni ya haraka kuliko joto. Kama huna, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka kimo cha mkono mmoja, mara 20 au 30, kila baada ya nusu saa. Usilishe samaki.

Nyanda za juu, zungushia tangi blanketi pande zote na uache uwazi juu kwa ajili ya hewa. Tangi lililofungwa hivyo hupoa polepole. Likipungua zaidi ya nyuzi 3, eleza chupa ya lita moja na nusu yenye maji nusu yaliyochemka na nusu ya bomba. Itaongeza nyuzi 1 hivi katika lita 50. Pwani, fungua madirisha, zima kila kinachotoa joto, na utumie barafu ya friza mapema kabla haijayeyuka yenyewe.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, suuza sponji ya filta kwa maji ya tangi ndani ya ndoo kabla ya kuiwasha, kwani maji yaliyotuama ndani yake huoza. Hita iwashe ikiwa chini ya kipimo chako cha kawaida na uipandishe polepole.

Mambo yakienda kombo

*Samaki wanahema juu ya maji.* Soma kipimajoto kabla ya kufikiri ugonjwa. Kikiwa juu ya 30, ongeza hewa kwanza, halafu poza kwa nyuzi 1 kwa saa. Kikiwa cha kawaida, tatizo huenda ni amonia au msongamano. Badilisha robo ya maji.

*Wamelala chini, mapezi yamebana, hawali.* Kama maji yamepoa, pandisha nyuzi 1 kila baada ya saa moja au mbili, si kwa birika. Usiwalazimishe kula, chakula kisicholiwa ni amonia ya kesho.

*Madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini.* Huo ni ugonjwa wa vimelea ambao mara nyingi hujitokeza siku chache baada ya maji kupoa ghafla au samaki wapya kuletwa. Dawa huvipata vimelea vikiwa majini tu, si vikiwa chini ya ngozi ya samaki. Kwa samaki wa maji ya joto, pandisha polepole hadi 28 au 29 ili mzunguko wa vimelea uwe wa haraka, ongeza hewa, na endelea na dawa siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka. Kwa samaki wa dhahabu usipandishe hivyo. Tumia dawa na uvumilivu.

*Upande mmoja wa tangi una joto, mwingine baridi.* Maji hayazunguki. Geuza mdomo wa filta au sogeza jiwe la hewa chini ya hita.

*Taa ya hita inawaka, maji hayapandi.* Ama wati ni chache kwa chumba hicho, ama kipashio kimekatika. Chomoa, subiri, itoe, na uiangalie. Ukiona ukungu au matone ndani ya kioo, itupe siku hiyo hiyo na usiijaribu tena.

*Maji yamefika 33 au zaidi kwa sababu ya hita iliyong'ang'ania.* Chomoa kwenye soketi, fungua mfuniko, washa hewa yote uliyonayo na feni. Usimimine maji baridi. Toa robo ya maji na urudishe ya joto la chumba kwa kikombe kimoja kimoja, kisha chupa moja ya barafu. Waliobaki hai usiwalishe siku hiyo. Kesho yake wape chakula wanachoweza kumaliza ndani ya dakika moja, badilisha robo nyingine ya maji, na wachunguze kwa wiki nzima kama madoa meupe yatajitokeza.